Mstari Mmoja Kutoka Kabatini

Karatasi iliyomsimamisha Shangazi kazi niliichapisha mimi. Niliipeleka mwenyewe mezani kwa mzee, mwenye ofisi, ikiwa bado ina joto la printa, nikasimama pale kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri kutoka shuleni. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natamani kujizaba kofi: "Mzee, kompyuta haidanganyi."

Sikuwa mtu wa kusema hivyo. Nyumbani kwetu Mbozi, kwenye kahawa, najulikana kwa ubishi. Nilipokuwa darasa la sita nilimuuliza mwalimu wa shule ya Jumapili nani alihesabu sisimizi wakati wa kuingia safinani, nikatolewa nje. Nilimuuliza baba kwa nini kahawa yetu inapimwa kwenye mizani ya mnunuzi na si yetu, akamgeukia mama, akamwambia, "Huyu atakuja kubishana hata na jeneza lake." Chuo kikuu nilibishana na wahadhiri mpaka wenzangu wakawa wananiomba nifunge mdomo ili kipindi kiishe tukale. Huyo ndiye mimi. Na huyo ndiye aliyeamini mstari mmoja wa daftari la mashine bila kuuliza swali hata moja.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, hapa Tunduma, karibu kabisa na mpaka. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na yale yanayorudi na shaba, hayavuki mpaka karatasi zake zipite mikononi mwa watu kama sisi. Tuko kumi na wawili. Niliajiriwa kama afisa wa tehama, cheo ambacho kwa ofisi kama ile maana yake ni mtu anayebadili wino wa printa, anayepanda juu ya meza kuangalia waya, na anayeulizwa kwa nini simu ya mke wa bosi haishiki chaji. Lakini nilikuwa pia na seva, na seva ile niliipenda.

Ilikuwa kompyuta nyeusi isiyo na kioo, imekaa stoo juu ya rafu, chini yake maboksi ya karatasi za miaka ya nyuma. Niliipanga mimi tangu mwanzo, kwa programu ya bure. Ndani yake kila lori lilikuwa na folda yake, kulikuwa na kalenda ya nani anakwenda wapi, na kulikuwa na ukumbi wa ujumbe ili watu waandikiane badala ya kuitana kwa kelele kutoka chumba hadi chumba. Wenzangu waliiita kabati. "Weka kabatini." "Itoe kabatini." Nilidhani ni jina la utani tu. Sikuelewa kwamba walikuwa wananieleza waziwazi jinsi watakavyoitumia.

Siku ya mafunzo nilimpa kila mtu jina lake la kuingilia na neno lake la siri.

"Neno la siri ni lako peke yako," nilisema. "Unapoliandika, funika kwa mkono. Usimwonyeshe mtu, hata mimi."

Jirani yangu wa meza, anayeshughulikia maombi ya forodha, mtu wa utani tangu anapoamka, aliinua mkono. "Hata wewe? Sasa nikilisahau nimwendee nani, mganga?"

Wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyeshika kijiko upande usio wake.

"Mwanangu," alisema, "kabati la ofisi halifungwi na mtu mmoja akaondoka na ufunguo. Ukiumwa je? Lori likusubiri upone?"

Si shangazi yangu kwa damu. Ni mama wa Kinamwanga mwenye asili ya Ndalambo, anaishi Chapwa, na alianza kazi pale wakati ofisi nzima ilikuwa meza moja na muhuri. Karatasi zote zilipita kwake. Sisi tulimwita Shangazi, madereva walimwita Shangazi, na Wazambia wa ng'ambo walimwita hivyo hivyo, kisha wakaendelea naye kwa Kibemba cha biashara ambacho alikiongea kwa kasi kuliko Kiswahili. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa mlango. Saa moja asubuhi alikuwa ameshafungua, ameshapiga deki, ameshawasha kompyuta ya mapokezi na kuingia kabatini kwa jina lake.

Na hapo ndipo palipokuwa na desturi yao. Aliyefungua ofisi ndiye aliyefungua kabati, basi. Kutwa nzima kila mtu alifanya kazi kwa jina la Shangazi. Aliyetaka folda alikaa mapokezi, akachukua, akaondoka. Kwenye kompyuta nyingine waliandika jina lake na neno lake la siri, ambalo lilikuwa limebandikwa kwa selotepu pembeni mwa kioo ili asisumbuliwe kuulizwa. Kuingia kwa jina lako mwenyewe kulionekana kama kuja kazini na sukari yako mfukoni wakati ofisi ina kopo la sukari. Ni kujitenga. Ni kusema hamuaminiki.

Nilipiga kelele. Nilibandua ile karatasi, ikarudi na selotepu mpya. Nilitoa tangazo, jirani yangu akachora kondoo chini yake. Nilikwenda kwa mzee, akaniambia, "Msomi, kazi zinakwenda au haziendi?" Nikasema zinakwenda. "Basi." Baada ya miezi kadhaa nikachoka, nikaacha. Nasema hili mapema kwa sababu hasira yangu ina pande nyingi na upande mmoja unanitazama mimi.

Kitu kingine ambacho kilikuwa kinaniudhi ni nafasi. Kabati lilikuwa linajaa. Nilimwomba mzee diski kubwa zaidi, na nyingine ya akiba ya kutunzia nakala. Ya akiba ilinunuliwa, akaenda nayo nyumbani wiki moja kwa ajili ya picha za familia, haikurudi. Ya nafasi alinijibu kila mara bila kuinua uso kwenye simu: "Futeni vya zamani."

Sasa nieleze habari ya saa, ingawa mtu wa Tunduma atashangaa naieleza ya nini. Kwetu ikiwa saa tatu, Nakonde, ng'ambo ya pili, ni saa mbili. Hakuna mtu hapa anayepanga miadi bila kuuliza, "Ya huku au ya kule?" Muuza chapati anauliza. Bodaboda anauliza. Simu ikinasa mnara wa Zambia inarudi nyuma saa nzima bila kukuaga, ndiyo maana watu wengi huziwekea saa kwa mkono. Shangazi alikuwa anavuka kila siku saa tatu kamili kwenda kuchukua karatasi, kwa sababu ofisi za kule hufunguliwa saa mbili yao. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa yamepimwa kwa tofauti hiyo ya saa moja.

Wiki ile mtandao wetu ulilala. Siku mbili hakuna kutuma wala kupokea. Mzee akasema niweke laini ya kule kwenye modemu, wengi hufanya hivyo. Niliweka Jumanne mchana, ikashika, nikasifiwa na ofisi nzima, jirani yangu akaniita mheshimiwa. Nilifurahi, nikaenda kula. Sikuangalia kitu kingine chochote.

Alhamisi lori la mbolea likakwama Nakonde. Dereva alipiga simu akisema anadaiwa karatasi. Tukafungua kabati kuzichukua, folda ya lori lile haipo. Nikatafuta kwenye pipa la vilivyofutwa, nako hakuna kitu. Nakala ya akiba haikuwepo, diski yake ilikuwa nyumbani kwa mzee, ina picha za familia. Mwenye mzigo akapiga simu, na sauti yake ilisikika kutoka kwenye simu ya mzee mpaka mapokezi: anataka kujua nani amemfanyia hivi. Hakutaka maelezo. Alitaka jina.

Mzee alinitazama. "Huo mtambo wako unajua nani kafuta?"

"Unajua, mzee. Kila kinachofanyika unaandika kwenye daftari lake."

Nilikuwa na fahari, sitaki kudanganya. Miezi yote wamenidharau mimi na matangazo yangu, sasa wananihitaji. Nilikaa nikafungua daftari la seva, nikakuta. Folda imefutwa Jumatano. Jina la Shangazi. Saa mbili na dakika ishirini na mbili asubuhi.

"Nikuchapishie mistari yote ya asubuhi hiyo?"

"Chapisha huo mmoja. Sihitaji gazeti."

Nikachapisha huo mmoja.

Alimwita Shangazi mbele yetu wote. Shangazi akavaa miwani, akaisoma ile karatasi taratibu, akarudia.

"Mimi sijafuta kitu."

"Hilo ni jina lako au si lako?"

"Langu. Lakini jina hilo hapa mnalivaa wote."

"Haya," mzee akasema, akigonga karatasi kwa kidole. "Saa mbili na dakika ishirini na mbili, nani mwingine huwa yupo hapa akalivaa? Nani? Semeni."

Watu wote huingia saa tatu kasoro. Saa mbili na dakika ishirini na mbili ndani ya ofisi ile huwa kuna mtu mmoja na ndoo ya deki. Shangazi alinigeukia. Nadhani alikuwa anangoja niseme lolote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasema siku zote. Mimi nikaangalia sakafu aliyoipiga deki.

Mzee akamwambia aache ufunguo, aende nyumbani mpaka atakapoitwa, na asingoje sana kuitwa. Aliuweka ufunguo mezani, akachukua kitenge chake na mwavuli, akatoka. Nje dereva mmoja alimsalimia kwa utani kama kawaida, na yeye akajibu kama kawaida. Hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Kufikia jioni mpaka wote ulikuwa unajua. Na habari za mpakani hazikai na umbo lake. Kesho yake asubuhi amefuta karatasi kwa bahati mbaya, mchana amefuta kwa makusudi, jioni amekula na matajiri wa upande wa pili ili mzigo ukwame. Kwa mtu anayefanya kazi ya kushika karatasi za watu, jina likishachafuka hana kazi nyingine ya kwenda kuomba, si kwetu, si kwa jirani, si Nakonde.

Jumamosi umeme ulikatika, ukarudi. Nikaenda stoo kuiwasha seva upya. Nilipokuwa nimepiga magoti pale, msikiti wa jirani ukaadhini Adhuhuri. Najua wakati wake, ofisi yetu ina Waislamu kadhaa na kila siku hutoka wakati huo, saa saba kasoro dakika chache. Seva ikawaka, na daftari likaandika mstari wake wa kwanza: imewashwa, saa sita kasoro dakika nne.

Nilibaki nimepiga magoti. Nikaangalia saa ya mkononi. Nikaangalia kioo. Adhana ilikuwa bado inaendelea.

Mimi ndiye niliyeiambia mashine ile ijitafutie saa yenyewe kutoka kwenye mtandao, miezi mingi nyuma, kwa sababu nilikuwa mvivu wa kuirekebisha kila umeme unapokatika. Nilipoweka laini ya kule, ikajiona iko Zambia. Ikarudi nyuma saa moja. Kwenye kompyuta za mezani hakuna aliyegundua, maana kila moja ilionyesha saa yake yenyewe. Daftari peke yake ndilo lililoandikwa kwa saa ya kule, siku zote hizo.

Kwa hiyo si saa mbili na dakika ishirini na mbili. Ni saa tatu na dakika ishirini na mbili. Saa tatu na dakika ishirini na mbili Shangazi ameshavuka mpaka, ofisi imejaa watu, na kabati liko wazi pale mapokezi kwa jina lake.

Nilisoma daftari lote la asubuhi ile, mstari kwa mstari, nikiongeza saa moja kila mahali. Ile kazi ambayo ningeifanya Alhamisi kama nisingekuwa nimelewa sifa. Folda ya lori la mbolea imefutwa. Dakika moja baadaye pipa la vilivyofutwa limemwagwa lote. Dakika tatu baadaye imeanza kuingizwa video, kubwa, na nyingine, na nyingine, kutoka kompyuta ya mapokezi. Majina yake yalikuwa yamejieleza yenyewe: sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa mzee anayeolewa.

Futeni vya zamani. Mzee alikuwa ametii agizo lake mwenyewe.

Nilimfuata jirani yangu wa meza. Alikuwa anakula muhogo.

"Jumatano, saa tatu na kitu, nani alikaa mapokezi?"

"Unauliza au unajua?"

"Nauliza."

"Basi usiulize." Akatafuna. "Kaka, mimi nina watoto wawili na baba mwenye nyumba mmoja."

"Ulimwona."

"Nilimwona. Alikuwa anatafuta pa kuweka sendofu. Anafuta huku anaimba." Akaacha kutafuna. "Lakini karatasi yako ilisema saa mbili. Saa mbili mimi nipo kitandani. Nikasema labda alifuta vingine. Karatasi ya msomi nani ataibishia?"

Nilitaka kumtukana, sikupata tusi ambalo lisingenirudia. Nikapanda bodaboda kwenda Chapwa.

Shangazi alikuwa uani anapukuchua mahindi, magunzi yamerundikana pembeni. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Umekuja kuchapisha nini leo?"

Nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa kitupu, bila kukaribishwa. Nikamweleza yote, laini, modemu, seva kujiona iko Zambia. Nilieleza kwa urefu, kama ninavyoeleza siku zote, na katikati ya maelezo nikajisikia ninavyosikika.

"Saa ya kule," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, Shangazi."

Alicheka kidogo, kicheko kikavu. Punje zikaendelea kudondoka kwenye beseni.

"Mwanangu, wewe unauliza kwa nini fomu ina kurasa tatu. Unauliza kwa nini muhuri ni wa bluu. Dereva akipiga chafya unamuuliza kwa nini. Siku ile ulikuwa na swali moja tu la kuniuliza, Shangazi, Jumatano ulikuwa wapi? Ningekwambia." Akachukua gunzi jingine. "Na lile daftari lako nalo ungeliuliza moja. Hata muuza chapati anauliza, ya huku au ya kule."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusikia."

Alinipa mahindi ya kupukuchua, nikapukuchua mpaka vidole vikauma, na hatukuongea tena habari hiyo. Kusikia na kusamehe ni vitu viwili, na yeye anajua kuchagua maneno.

Jumapili sikwenda kokote. Jumatatu nilimkuta mzee ofisini kwake, nikaweka mezani karatasi za asubuhi nzima ile ya Jumatano. Gazeti zima safari hii. Nikamweleza habari ya saa. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye video.

"Kwa hiyo unasema mimi ni mwizi wa faili zangu mwenyewe?"

"Sijasema wizi, mzee. Nasema ni wewe uliyefuta."

"Kabati ni langu. Mtu hufuta kitu chake."

"Lakini hamfukuzi mtu mwingine kwa kitu alichofuta yeye mwenyewe."

Alisogeza zile karatasi pembeni. Kisha akapata pa kushika. "Laini ya kule aliweka nani?"

"Mimi."

"Saa ikaharibika kwa sababu ya nani?"

"Yangu."

"Na karatasi alileta nani, akaniambia kompyuta haidanganyi?"

"Mimi, mzee."

"Basi tuseme mtambo ulikosea, tumrudishe mama wa watu kazini, yaishe. Wewe umekosea, mimi nimepitiwa, tumefunika."

Naomba nieleweke. Alikuwa na haki kwa nusu, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Watu wenye madaraka hawahitaji uongo mzima, nusu ya ukweli inawatosha kulalia. Na alijua. Miaka yote hii Tunduma, mtu aliyekaa mpakani mpaka amepata mvi, mtu anayejua Shangazi huvuka saa tatu. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe Jumatano alifuta vitu. Mstari wangu ulipomletea saa mbili, alipumua. Alihitaji jina la kumpa mwenye mzigo, nami nikamletea jina lenye joto la printa.

"Mtambo haukukosea," nikasema. "Uliandika saa ya mahali ulipodhani upo."

"Msomi, toka."

Nikatoka. Nilikaa kwenye meza yangu, nikaingia kabatini kwa jina langu mwenyewe. Kisha kwenye ukumbi wa ujumbe, ambamo tangu uanzishwe kila salamu, kila utani na kila taarifa ilikuwa imeandikwa na "Shangazi", niliandika hivi:

"Mimi ndiye niliyeweka laini ya Zambia, na sikuangalia saa ya seva. Folda ya lori la mbolea ilifutwa Jumatano saa tatu na dakika ishirini na mbili, si saa mbili. Shangazi alikuwa Nakonde. Karatasi niliyoichapisha ilikuwa na makosa, na makosa ni yangu. Daftari lote la asubuhi hiyo nimeliweka hapa chini, asome anayetaka."

Sikuandika nani alifuta. Video za sendofu zilikuwa pale pale, mistari mitatu chini. Nilisikia viti vikisogea vyumba vyote. Jirani yangu akasoma, akajifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua anacheka au anaogopa, labda vyote.

Mzee hakunifukuza. Nilingoja siku nzima anifukuze, nikashangaa, mpaka nilipoelewa sababu. Neno la siri la kuendeshea seva nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Mimi niliyelificha langu nilikuwa salama. Aliyewapa wote lake, ili lori lisisubiri mtu apone, ndiye aliyetolewa nje. Nimeligeuza jambo hili pande zote na sijapata upande ambao haunitii hasira. Nilichowahubiria kilikuwa sahihi, na usahihi wake ulinilinda mimi tu.

Jumanne mzee alimwita Shangazi. Alikuja, akakaa mbele yetu, mwavuli magotini. Mzee akasema kulikuwa na hitilafu ya mtambo, mambo yameeleweka, sisi ni familia moja, na mwenye mzigo ameshaambiwa.

"Ameambiwa nini?" Shangazi akauliza.

"Kwamba haikuwa wewe."

"Na walioko mpakani?"

"Watajua tu."

"Niliondoka hapa mchana, mbele ya watu," alisema. "Mtambo ndio ulioniambia niache ufunguo?"

Mzee akakohoa. Hakuomba radhi. Badala yake alitoa mfukoni ufunguo, ambao tangu Ijumaa alikuwa akimpa jirani yangu afungulie ofisi, akausukuma juu ya meza mpaka mbele yake, na nafikiri kwake huo ndio ulikuwa msamaha, kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Shangazi aliutazama. Akaurudisha kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka ulipotoka.

"Ubaki kwako. Mimi nitakuja saa tatu kasoro kama wenzangu."

Asubuhi iliyofuata tulisimama nje wote kumi na mmoja. Upepo wa huku asubuhi hauna adabu, unaingia mpaka kwenye mifupa. Madereva walipita wakituuliza kama tumefilisika. Shangazi alisimama pamoja nasi, amejifunga kitenge mabegani, mikono ndani. Mzee alifika saa tatu na dakika kumi, akaanza kujaribu funguo moja moja, hajui ya mlango ni ipi. Alimgeukia Shangazi. Shangazi alikuwa anaangalia foleni ya malori.

Ndani hakukuwa na deki wala kompyuta iliyowashwa. Nilikuwa nimebadilisha neno la siri la Shangazi jioni iliyotangulia, kabla ofisi haijafungwa, na ile karatasi ya selotepu niliibandua nikaichana. Basi kila mtu akakaa mbele ya kioo chake na hakuna hata mmoja aliyekumbuka neno lake. Hata jirani yangu, aliyekuwa amejiwekea jina la timu yake, alisahau ni timu ipi wakati ule. Nikazunguka meza hadi meza nikiwapa mapya. Lori moja lilisubiri mpaka saa tano, na dereva alitutukana kwa lugha tatu.

Wa mwisho alikuwa Shangazi. Nilimpa neno la muda kwenye kikaratasi, nikamweleza kwamba sasa aandike lake mwenyewe. Nilisimama nyuma ya kiti chake kumsaidia kama kioo kitagoma. Alisogeza kibodi karibu. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya vidole vya kulia, kama nilivyowafundisha, akainua uso na kunitazama mpaka nikageuka ukutani. Nikasikia vitufe, kimoja kimoja, kwa kidole kimoja, vikichukua muda mrefu.

"Tayari," akasema. "Unaweza kwenda."